Kitanda Kisichopoa

Kitanda chetu hakipoi.
Alfajiri Kombo anarudi kutoka ghalani,
miguu imevimba, mabegani vumbi la maboksi ya watu,
nami natoka kwenda kuwaogesha wazee.
Tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu:
"Chai ipo." "Mtoto kakohoa." "Mita ina pauni mbili."
Kisha analala pale nilipolala,
ndani ya joto langu, bila mimi.
Saa tatu usiku, akitoka, naingia katika lake.
Ndivyo tunavyoonana, mume na mke,
mwaka wa pili sasa, hapa Hull.

Somo yangu, Bi Time, Mungu amrehemu,
alinifungia ndani siku saba kule Wete
akanifunza shanga na kiuno, liwa na udi,
namna ya kumpokea mtu,
namna ya kumkataa asijue kakataliwa.
Hakunifunza mita.
Hakuniambia kwamba taa nyekundu ikianza kupepesa
mwili nao hujizima,
mapema, kwa adabu, usije ukadaiwa.

Udi niliufukiza mara moja.
King'ora cha moshi kikalia jengo zima,
Maureen wa chini akapanda mbio na taulo bichi.
Tulicheka hadi tukakaa ngazini,
na hapo ngazini akaniambia ya kwake:
tangu kiwanda cha misafara kipunguze watu
Keith hulala kaelekea ukutani.
"Anauhesabu," alisema, "utadhani unazaa riba."

Na sisi, Jumapili moja, tulijaribu.
Sitaficha. Haikuwa.
Kombo akakaa kitako ukingoni,
akasema, bila kunitazama:
"Kodi imelala kati yetu. Imevaa viatu."
Nikamwambia, basi isogeze upande wa ukutani.
Hakucheka. Nilitaka acheke.

Kwa daktari una dakika kumi.
Aliuliza sukari, presha, maumivu,
akauliza, macho kwenye kompyuta, kama bado nafurahia.
Nikatafuta Kiingereza cha ashiki
kisicho tusi wala ugonjwa,
dakika zikawa zinakwisha.
Nikasema: Niandikie mkataba wa saa arobaini kwa wiki,
kutwa mara mbili, baada ya chakula.
Alicheka. Kisha akaacha kucheka.
Akaandika vitamini.

Mwezi wa Machi ikaja barua ya kampuni ya umeme:
walitutoza zaidi, wanarudisha
pauni mia na kumi na nne.
Tukagombana siku mbili.
Viatu vya mtoto. Macho ya mama yake. Deni la Shamte.
Ugomvi mzuri, wa sauti; muda mrefu
hatukuwa na kitu cha kugombea.
Siku ya tatu tukatia ishirini kwenye mita,
Kombo akapiga simu ghalani akasema anaumwa,
na mtoto akashuka kwa Maureen kula chipsi na Keith.

Chumba kikapata moto hadi dirisha likatoka jasho.
Nikavua soksi. Msicheke:
tangu Oktoba sikuwahi kuvua soksi kitandani.
Shanga nilizikuta katika kopo la maziwa ya unga,
uzi mmoja umekatika, nikavaa zilizobaki.

Yaliyofuata ni ya Bi Time, aliyeniapisha:
ya ndani hubaki ndani.
Nitasema tu kwamba hatukufanya haraka,
na kwamba nilikuwa nimesahau
Kombo ana kovu chini ya bega la kushoto.
Kidole changu kililikuta
kama mtu akutaye sarafu katika koti la zamani.

Asubuhi mita ilikuwa na pauni tisa.
Ghala limemkata zamu mbili.
Tukatoka pamoja, yeye kumfuata mtoto,
mimi kuliwahi basi,
na nyuma yetu, taratibu,
kitanda kikapoa.